Mwanangu, Anza na Mfalme na Askari Mmoja

Mwanangu, ondoa kete zote ubaoni. Bakiza wafalme wawili na askari mmoja mweupe. Najua una haraka, na kuna mchezo wa dakika tatu unakungoja kwenye simu. Acha ungoje. Sataranji nataka uianzie hapa, penye kete tatu tu.

Mweke mfalme wako mbele ya askari wake, asikae nyuma. Askari huyo anataka kufika mstari wa nane awe malkia, na mfalme wa mwenzako amesimama njiani. Wafalme hawagusani, sharti pawe na mraba mmoja kati yao. Basi wakisimama hivyo, uso kwa uso, yule ambaye ni zamu yake ndiye anayepisha. Akipisha, mfalme wako anapenya ubavuni na askari anafuata kwa usalama. Ukifanya kinyume, ukamsukuma askari mbio na kumwacha mfalme nyuma, mambo yatakwendea vibaya. Utafika mstari wa saba, umkute mfalme wa mwenzako amekaa mbele ya askari wako. Utamsogeza mfalme wako kumlinda askari, na hapo yule mwingine atakosa pa kwenda ilhali hashambuliwi. Hiyo ni sare. Kazi yako yote imekwenda bure.

Mimi nilikuwa nikimsukuma askari. Nilikuwa kijana, nikicheza barazani kwa jirani yetu, mzee mwenye duka la vitambaa. Yule mzee alicheza taratibu sana. Nilikuwa nimekariri hatua za mwanzo kutoka kitabu kilichokwisha chanika, na mwanzoni nilimbana kweli. Kete zikipungua, napotea. Hakunicheka hata siku moja. Alirudisha kete zilipokuwa, akaniambia nicheze tena kuanzia hapo. Nami niliona ananichelewesha. Nilitaka mchezo mpya, nikapanga kete upya kabla hajamaliza kusema. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kuliko zile sare. Mtu mzima alikuwa ananipa ujuzi wake mkononi, na mimi niliuacha mkono wake hewani.

Baadaye sana nikapata kitabu cha José Raúl Capablanca, yule wa Havana, alichokitoa mwaka 1921, mwaka uleule alioutwaa ubingwa wa dunia kutoka kwa Emanuel Lasker bila kupoteza mchezo hata mmoja. Unajua anaanzia wapi? Anaanza kwa kukuonyesha jinsi ya kumfunga mfalme aliye peke yake kwa ngome moja. Kisha askari na wafalme. Bingwa wa dunia, na anaanza kwa kete tatu. Nilipokiona nilimkumbuka yule mzee, na alikuwa ameshafariki.

Nawe sasa unakariri hatua za mwanzo, kumi na tano, ishirini. Mwenzako akitoka nje ya ulizozikariri, unaduwaa. Ni kama kupakia jahazi bila kuuliza linakwenda bandari gani. Kwa mwanzo, mwanangu, machache yatakutosha kwa sasa. Weka askari katikati. Toa farasi na maaskofu. Mpeleke mfalme pembeni, nyuma ya askari wake, mapema. Muda utakaobaki upeleke kwingine.

Upeleke kwa askari, kwa mfano. Mwaka 1749 Mfaransa mmoja, François-André Danican Philidor, mtunzi wa muziki aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na mbili tu, alichapisha kitabu kilichobadili fikra za wachezaji. Wengi walimtazama askari kama kete ya kutupa. Philidor alionyesha kwamba jinsi askari walivyopangwa ndiko kunakoamua nani atashambulia na nani atajilinda. Fikiri mwenyewe: farasi akikosea njia atarudi, malkia atarudi, askari harudi. Kila unapomsogeza umeacha nyuma mraba ambao hataulinda tena. Ukiwapanga askari wako wote kwenye miraba myeupe, askofu wako wa miraba myeupe atakuwa mfungwa nyumbani kwake. Huo ndio mkakati. Ni kujua leo kitu gani kitakusumbua baada ya hatua thelathini.

Na mbinu? Ndiyo, najua hizo ndizo unazozipenda, zile kafara na mitego. Nami nazipenda. Lakini hebu tazama zinatoka wapi. Mwaka 1858, mjini Paris, kijana wa Kimarekani aitwaye Paul Morphy, mzaliwa wa New Orleans, alicheza ndani ya jumba la opera dhidi ya wakuu wawili waliokuwa wakishauriana, Duke wa Brunswick na Count Isouard. Mchezo ulikwisha kwa hatua kumi na saba. Mwishoni Morphy alimtoa malkia wake kafara, farasi wao akamla, na ngome ya Morphy ikashuka kumfunga mfalme, ikilindwa na askofu. Ukiacha mfalme na askari, hizo ndizo kete pekee alizobaki nazo, ngome moja na askofu mmoja.

Watu huukumbuka mchezo ule kwa sababu ya malkia. Mimi nakuomba utazame upande wa pili wa ubao. Mfalme wao yuko pale alipozaliwa. Askofu wao wa upande wa mfalme hajatoka nyumbani, na ngome iliyo pembeni yake haijasogea hata mraba mmoja. Morphy alitoa kila kete yake ikafanya kazi. Wao walicheza wakiwa na jeshi nusu. Ile kafara iliwezekana kwa sababu hiyo. Nikiwa na umri wako nilitafuta kafara kila mahali, nikimtupa askofu wangu kwa matumaini kuwa kitu kitatokea. Hakikutokea. Kafara haitafutwi hivyo, mwanangu. Ukiziweka kete zako mahali pazuri, siku moja utainua macho uikute iko mbele yako.

Ndiyo maana nakusihi usome michezo ya zamani. Chukua karatasi, funika hatua zinazofuata. Jiulize Morphy atacheza nini, andika jibu lako, ndipo ufunue. Ukikosea, usikimbilie hatua ifuatayo. Kaa hapo mpaka uone kwa nini ya kwake ni bora. Programu iliyo kwenye simu yako itakuambia hatua nzuri kwa sekunde moja, na itakuwa kweli. Lakini jibu ulilopewa kabla hujauliza halikai kichwani. Iulize mwishoni, ukishachoka kufikiri.

Kuna jambo moja la kale linalonipa subira. Karne ya kumi, Baghdad, aliishi msomi aitwaye as-Suli, mchezaji aliyemshinda bingwa wa baraza la khalifa al-Muktafi. Sataranji ya wakati huo, iliyotoka India ikapitia Uajemi, ilikuwa ya polepole. Kete iliyokaa alipo malkia wa leo ilikwenda mraba mmoja tu, kwa mshazari. As-Suli aliacha fumbo la kete nne, wafalme wawili na wasaidizi wao wawili, linalojulikana kama almasi ya as-Suli. Lilikaa kama miaka elfu moja, hadi miaka ya 1980 Yuri Averbakh wa Urusi alipolifumbua. Kete nne! Nawe unanung'unika ukishindwa mara mbili kwa jioni moja.

Na usione haya kufundishwa na mdogo wako. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, aliyepata hadhi ya kimataifa baada ya Olimpiadi ya sataranji ya Istanbul mwaka 2012, alionyeshwa jinsi kete zinavyotembea na mtoto mdogo kuliko yeye, kwenye kikundi cha mwalimu Robert Katende. Alikubali kukaa na kumsikiliza. Mimi nilishindwa kumsikiliza mzee mwenye mvi.

Andika michezo yako. Kila hatua, kwenye daftari, hasa ile uliyofungwa. Ukifungwa, usibonyeze kitufe cha kuanza upya kwa hasira. Muombe mwenzako mkae naye dakika chache muangalie ulipoteleza. Aliyekushinda ana mengi ya kukuambia, na wengi hufurahi kuulizwa. Utaona kosa moja likijirudia ukurasa baada ya ukurasa. La kwangu lilikuwa pupa. La kwako silijui bado, daftari ndilo litakalotuambia.

Jumamosi hii, kabla ya kugusa simu, panga mchezo wa Capablanca na Savielly Tartakower, New York, 1924. Zitabaki ngome na askari. Ukifika hatua ya 35 ya Capablanca, simama, funika kwa karatasi. Mwenzake anatishia kumla askari. Wewe ungemlinda, nami ningemlinda. Capablanca anamwacha. Anamchukua mfalme wake na kumpandisha ubaoni, mraba kwa mraba. Tartakower anamla askari wa kwanza huku akimshambulia mfalme, anamla na wa pili vilevile, na mfalme anaendelea kupanda mpaka anafika mbele kabisa, karibu na mfalme wa adui aliyebanwa kwenye mstari wake wa mwisho. Kuanzia hapo askari waliopotea hawana uzito tena.

Andika ungecheza nini katika kila hatua, tangu ya 35 mpaka ya 40, na kwa nini. Usifute ulichokosea. Niletee daftari Jumapili baada ya chakula cha mchana, nitakuwa nimeshapanga ubao.