Mpira wa Juu na Mpira wa Chini

Methali zetu haziwapendi walio juu. Aliye juu hungojwa chini, na mpanda ngazi hushuka. Mtu akizipokea methali hizi mbili bila ya kuzipima, aweza kuamini ya kuwa chini ndiko kwenye usalama na hekima, na kwamba juu ni makao ya wenye kiburi. Mimi niliamini hivyo kwa miaka mingi. Imani yangu ilitikisika siku moja ya mwezi wa Julai, ufukoni Msimbati, nilipoona mpira mdogo mweupe wa gofu ukipigwa juu katika upepo wa kusi, ukaanguka mahali palipotakiwa, na aliyeupiga akakataa kusifiwa. Nataka kuchunguza kama alikuwa na haki ya kukataa.

Msimbati ni kijiji cha pwani, kusini-mashariki ya mji wa Mtwara, kando ya Ghuba ya Mnazi. Upande wa kusini wake Mto Ruvuma unaingia baharini na kuitenga Tanzania na Msumbiji. Tangu mwaka 2000 bahari ya sehemu hizo, pamoja na mikoko na matumbawe yake, imo katika hifadhi. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, ufuko hubaki mpana na mchanga wake huwa mgumu, hata gari laweza kupita. Katika miezi ya kati ya mwaka kusi hutawala, na mtu asiyekizoea kilio chake katika makuti hulala usiku wa kwanza macho wazi.

Rafiki yangu alijifunza gofu Dar es Salaam, katika kiwanja kilicho jirani na bahari. Alikuja Msimbati na fimbo tatu na mipira michache iliyochakaa. Tuliazima pondo la mvuvi mmoja, tukalichomeka mchangani, tukalifunga kitambaa chekundu, kisha tukarudi nyuma hatua mia na hamsini, upepo ukitupiga usoni. Watoto wa kijiji wakakusanyika, na wazee wawili watatu waliokuwa wakishona nyavu wakageuza nyuso zao.

Kabla sijasimulia yaliyotokea, yafaa nieleze kwa nini mpigaji ana njia mbili. Katika kitabu chake cha mwaka 1638, Galileo alionyesha ya kuwa kitu kikirushwa mahali pasipo hewa ya kukizuia, huenda mbali kabisa kikiondoka kwa pembe ya nyuzi 45; na kila mahali palipo karibu zaidi ya hapo pana njia mbili za kupafikia, moja ya juu na moja ya chini. Anayerusha kwa nyuzi 60 na anayerusha kwa nyuzi 30, kwa nguvu ile ile, hupiga mahali pamoja. Hutofautiana katika muda: cha juu hukaa hewani karibu mara moja na robo tatu ya muda wa cha chini. Kama dunia ingekuwa tupu namna hiyo, kuchagua baina ya juu na chini kungekuwa jambo la kupenda tu, kama kuchagua rangi ya kikoi.

Lakini hewa ipo, na katika pwani yetu hewa haitulii. Upepo ulio karibu na ardhi huchoshwa na mchanga, majani na mawimbi. Ulio juu hauna wa kuuchosha, na nahodha apunguzaye tanga hulijua jambo hilo bila ya kitabu. Zaidi ya hayo, mpira wa gofu hauendi kama jiwe. Uso wa fimbo umelalia nyuma, nao ukiupiga mpira huuzungusha kinyumenyume, na mzunguko huo huufanya ubebwe na hewa. Peter Guthrie Tait, profesa wa Edinburgh, alilieleza jambo hilo kwa hesabu katika miaka ya 1890. Wachezaji wa kabla yake walikuwa wamekwisha kuona kwa macho tu ya kuwa mipira ya utomvu mgumu, iliyoanza kutumika mwaka 1848 au karibu na hapo, iliruka vibaya ilipokuwa mipya na laini, bali ikishapata makovu ya kupigwa iliruka vizuri. Ndipo mafundi wakaanza kuitia alama kwa nyundo, na hatimaye vikaja vile vishimo vidogo tunavyoviona leo. Najua walimu wenzangu ambao wangelitoa somo zima la maadili katika makovu hayo. Mimi naliacha lipite.

Basi mpira unaopigwa juu kuukabili upepo hupata mashaka mawili pamoja: upepo huuinua kuliko ilivyokusudiwa, na huuzuia kuliko ilivyokadiriwa. Hupanda, husimama kama mwewe, kisha huanguka karibu wima. Fadhila yake ni kwamba ukianguka hutulia. Mpira wa chini hupita penye upepo mdogo; walakini hugusa ardhi ungali una mwendo, na kuanzia hapo bwana wake si mpigaji tena. Bwana wake ni changarawe, gamba la kombe, shimo la kaa. Na ajabu moja zaidi: atakaye kuupitisha mpira chini ya upepo hapaswi kuongeza nguvu. Nguvu huzidisha mzunguko, na mzunguko huuinua mpira. Huchukua fimbo ambayo uso wake umesimama zaidi, akauweka mpira nyuma kidogo ya mahali pa kawaida, akapiga kwa upole.

Hapo ndipo nilipoanza kuzitilia shaka zile methali mbili. Aliyechagua chini hakujiepusha na bahati. Amebadili mlango ambao bahati itamwingilia. Wa juu ameweka amana yake kwa upepo, wa chini ameweka amana yake kwa ardhi, na hakuna mpira usiowekwa amana kwa mtu asiyejulikana. Tena zipo siku ambazo njia ya chini imefungwa kabisa. Ukiwapo mkondo wa maji kati yako na shabaha, mpira wa chini ni woga unaojiita hekima. Mzazi amwambiaye mwanawe mwenye akili asijaribu masomo makubwa, kwa kuwa wa kwao hawakuyajaribu, huyo naye husema kwamba anampigia mtoto mpira wa chini; kumbe mkondo uko mbele yake na mpira utazama.

Sasa nirudi ufukoni. Rafiki yangu alianza kwa mpira wa juu, kuupima upepo. Ukapanda, ukasimama, ukaanguka nyuma sana ya pondo. Wa pili aliupiga chini. Ulikwenda vizuri kama ndege aparazaye maji, ukagusa mchanga, ukawa unaelekea kwenye kitambaa, kisha ukagonga gamba, ukapinda, ukaingia katika kidimbwi kilichoachwa na maji. Watoto wakacheka. Alipouweka wa tatu wakapiga kelele, "Juu! Juu!" Akatabasamu, akachukua tena fimbo ya kwanza, akapiga juu. Mpira ulipokuwa angani kusi ikakata pumzi, kama inavyofanya mara chache bila ya kutoa habari. Mpira ukashuka polepole, ukatua hatua nne kutoka kwenye pondo. Watoto wakaruka kwa furaha, nami nikapiga makofi.

Akasema, "Nimekosa."

Nikamwuliza amekosaje, na mpira ule pale. Akanijibu ya kuwa alipoinua fimbo alijua upepo haujabadilika, na kwamba alipiga juu kwa ajili ya kelele. "Ule ulio kidimbwini," akasema, "ndio niliopiga sawa."

Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu akamwambia, "Mwanangu, samaki akiingia wavuni huachi kumla kwa kuwa uliutupa wavu vibaya."

"Kweli, mzee wangu," rafiki yangu akajibu. "Lakini kesho nitautupaje?"

Neno la mzee ni zito. Watoto wa mvuvi hawali nia ya baba yao, hula samaki. Na sisi sote, tutake tusitake, huhukumu kwa mahali mpira ulipoanguka. Adam Smith aliliona jambo hilo mwaka 1759, akaandika kwa kirefu jinsi bahati inavyochafua sifa na lawama tunazotoa. Kant, mwaka 1785, alitaka kuikata bahati kabisa katika hesabu, akashika ya kuwa nia njema hung'aa yenyewe hata isipofanikisha kitu. Mwaka 1976 Bernard Williams na Thomas Nagel wakaifufua tena mizani hiyo, wakaonyesha kwamba bahati haikatiki kwa urahisi huo. Sidhani kuwa mabishano yao yamekwisha. Lakini watu wa pwani ya Mtwara walipewa mfano mgumu kuliko wa gofu.

Mwezi wa Aprili 2019 kimbunga kilichoitwa Kenneth kilipita kaskazini ya Komoro, kikauelekea mpaka wetu na Msumbiji. Watu wa Mtwara waliokaa mabondeni waliambiwa wahamie mahali pa juu. Wengine walihama na vitanda vyao na kuku wao; wengine walikaa. Tarehe 25 kimbunga kikapiga nchi kavu katika jimbo la Cabo Delgado, kusini ya Ruvuma, kwa upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, kikaua makumi ya watu na kuvunja nyumba kwa maelfu. Upande wetu tulipona. Baadaye nilisikia barazani wakichekwa waliohama: wamepoteza siku zao, wamepoteza kuku, wamekimbia upepo uliokwenda kwa jirani. Waliokaa walijiona mashujaa. Mbele ya wacheshi hao nilikaa kimya, na kimya kile hunisumbua mpaka leo. Waliohama walikuwa na habari ile ile waliyokuwa nayo waliokaa, na wazee wa kusini walikumbuka jinsi kimbunga cha Aprili 1952 kilivyoipiga Lindi. Walichagua sawasawa na upepo ulioonekana. Waliokaa walipiga juu, na kusi ikakata pumzi.

Mafunzo ya vyuoni mwetu yana neno juu ya jambo hili, ambalo nililisoma utotoni bila ya kulielewa. Imepokewa ya kuwa hakimu akijitahidi katika hukumu akapata, ana thawabu mbili, na akijitahidi akakosa, ana thawabu moja. Imepokewa pia ya kuwa anayeifasiri Kurani kwa maoni yake matupu, hata akipatia, amekosa. Mafundisho hayo mawili yakiwekwa pamoja hayamdharau mzee wa nyavu, kwa maana thawabu ya pili ni ya matokeo, na matokeo ni kitu. Walakini yanamkubali rafiki yangu: yuko mtu aliyekosa na ana thawabu, na yuko mtu aliyepatia na hana. Ninachomlaumu nacho ni kidogo. Alisema kosa lake ni kupiga juu. Mimi naona kosa lake ni kumpa mtu mwingine fimbo. Angalipiga chini kwa ajili ya kelele za watoto, kosa lingekuwa lile lile, hata kama mpira ungelala chini ya kitambaa.

Limebaki jambo moja, nalo ni la mwenye kuchagua sawa akaangukia vibaya. Kanuni za gofu za zamani kabisa zilizohifadhiwa, 13 kwa idadi, ziliandikwa Leith, Scotland, mwaka 1744, na tangu kale msingi wa mchezo ni kwamba mpira hupigwa pale ulipolala. Haulizwi mtu kama alistahili kulala pale. Waliohama mwaka 2019 walirudi, wakahesabu kuku waliobaki, wakaezeka upya. Hakuna aliyewalipa kwa kuwa walichagua vizuri.

Maji yalikuwa yameanza kujaa. Rafiki yangu akavua viatu, akakunja suruali, akaingia kidimbwini mpaka magotini, akautafuta mpira wa pili kwa nyayo. Alipouona akasimama juu yake muda mrefu kuliko ilivyolazimu, kisha akapiga. Maji yaliruka kuliko mpira. Akapiga tena, ukatoka. Ule wa tatu, uliokuwa karibu na pondo, aliuokota akampa mtoto aliyekuwa amepiga kelele kuliko wenzake.