Chikungunya na Swali la Nani Amekosa

Chikungunya ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu aina ya Aedes. Ulitambuliwa kitabibu kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa juu wa Makonde, katika wilaya za Newala na Masasi, Tanganyika. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha maelezo yake mwaka 1955, na R. W. Ross akaeleza virusi vyenyewe mwaka 1956. Jina lake ni la Kimakonde. Mtu aliyeamka mzima aliweza kufika jioni hawezi kusimama. Homa iliondoka baada ya siku chache, lakini maumivu ya viungo yaliwasumbua wengine kwa miezi.

Maradhi yanayoangusha kijiji kizima kwa mpigo huzusha swali kongwe: nani amekosa? Wako wanaomtafuta mchawi. Wako wanaoona adhabu ya Mungu kwa waliopotoka. Wako pia wanaosema imeshaandikwa, binadamu hana la kufanya. Majibu yote matatu yanapaswa kupimwa kwa mambo yalivyotokea.

Uwanda wa Makonde una shida ya maji ya juu ya ardhi, kwa kuwa udongo wake wa kichanga hunywa mvua upesi. Wanawake waliteremka mabondeni kuchota, wakapanda na mizigo kichwani, na maji yakawekwa ndani katika mitungi. Maji yaliyopatikana kwa taabu hiyo hayakumwagwa ovyo. Mbu wa Aedes hutaga kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi. Maji yakiyafikia huanguliwa, na baada ya wiki moja hivi viluwiluwi huwa mbu. Hivyo nyumba iliyotunza maji kwa bidii ndiyo iliyoweza kuwalea mbu. Hapo hapana dhambi wala uchawi, pana uhaba.

Hali hiyo ilijirudia kwingine. Lamu ilikumbwa mwaka 2004, wakati wa ukame, watu wakiwa wameweka akiba ya maji majumbani; inakadiriwa robo tatu ya wakazi wake waliambukizwa. Mwaka 2005 na 2006 ugonjwa ulikipata kisiwa cha Réunion, ambako takriban theluthi moja ya watu waliugua. Kisha ukaingia India, nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja, na mwaka 2006 pekee waliodhaniwa kuugua walizidi milioni 1.3. Lamu ni mji wa Waislamu, Réunion ina Wakatoliki wengi, na India ina Wahindu wengi. Anayedai kuwa ni adhabu anapaswa kutaja kosa moja walilolifanya watu hawa wote.

Dini zenyewe hazimuungi mkono. Katika Kitabu cha Ayubu, rafiki waliomlaumu mgonjwa ndio waliokemewa na Mungu. Katika Injili ya Yohana, wanafunzi walipouliza ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu azaliwe kipofu, Yesu alikataa kumtwika mzigo huo yeye au wazazi wake. Khalifa Umar, akiwa njiani kwenda Sham (eneo la Syria), aliposikia tauni imeingia huko, alirudi na msafara wake. Jemadari wake Abu Ubaida alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Akajibu kwamba anaitoka kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Kwake tahadhari haikuwa uasi, bali sehemu ya imani.

Kutoka hapo wajibu unaonekana. Mbu aliyezaliwa katika mtungi wa nyumba moja humuuma jirani, kwa hiyo kufunika chombo na kusugua kuta zake kila wiki ni haki ya jirani. Lakini wajibu hauishii mlangoni mwa maskini. Anayechota maji mbali hawezi kuambiwa asiyahifadhi. Mwenye mamlaka asiyefikisha maji safi kijijini ana sehemu kubwa zaidi ya dhamana kuliko mama mwenye mtungi. Mgonjwa anastahili kuuguzwa, si kuhukumiwa.