Ngano za Kale: Kuzigeuza ni Haki au ni Uwongo?



Watu wengi hudhani ya kuwa ngano wanazosimuliwa watoto usiku ni mchezo tu, hazina uzito wala hisabu. Dhana hii ni kosa. Mtoto hajui fikihi wala mantiki, lakini ajua ni nani katika ngano aliyekuwa mwema na nani mbaya, nani alitenda na nani alikaa akingojea. Na akifunguliwa kitabu chenye picha, macho yake hutangulia masikio, na alichokiona hukaa moyoni kabla hajapata akili ya kukipima.

Kwa hivyo yatupasa tuliangalie jambo lililoenea kwa waandishi wa nchi za Magharibi, khasa tangu miaka ya 1970, nalo ni kuzichukua ngano kongwe na kuzisimulia upya ili mwanamke apewe haki yake. Wako wanaolishangilia, na wako wanaosema kuwa ni kuharibu urithi wa wazee. Sisi twataka kulipima kwa mizani, si kwa hasira.

Kwanza tuulize: je, kuigeuza ngano ni uwongo? Jawabu yetu ni kuwa ngano si khabari ya tukio, na asiyedai kuwa aeleza tukio haitwi mwongo. Tena ngano hizo hazikupata kutulia katika sura moja. Kisa cha Cinderella, msichana aliyeteswa na mama wa kambo, Charles Perrault wa Ufaransa alikiandika mwaka 1697, na mwisho wake msichana awasamehe dada zake. Ndugu wawili Grimm wa Ujerumani walipokitoa mwaka 1812, dada hao wajikata miguu ili kiatu kiwaenee. Na hao hao Grimm, katika chapa ya 1812, walieleza kuwa aliyetaka kumwua Snow White ni mama yake mzazi. Katika chapa ya 1819 wakamfanya mama wa kambo. Basi ikiwa wao walikuwa na ruhusa ya kumtwika mama wa kambo lawama, kwa nini mwengine asiwe na ruhusa ya kumtua?

Lakini kuwa na ruhusa ya kugeuza si dalili ya kuwa kila kilichogeuzwa ni chema. Mwaka 1980 Robert Munsch wa Kanada alitoa kisa cha The Paper Bag Princess, kwa picha za Michael Martchenko. Joka labomoa kasri la binti mfalme Elizabeth, lachoma nguo zake, lamchukua mchumba wake Ronald. Binti avaa mfuko wa karatasi, alihadaa joka hata lachoka, amwokoa mchumba. Naye badala ya kushukuru amkaripia kwa uchafu wake. Binti amwacha. Funzo lake ni la kweli: thamani ya mtu si nguo yake. Ila mwanamume humo ni mpumbavu tu, na mtoto wa kiume hakuachiwa mfano wa kuufuata.

Mwaka 2019 Rebecca Solnit wa Marekani alitoa Cinderella Liberator, akatumia picha za vivuli za Arthur Rackham zilizochorwa karne moja kabla. Humo Cinderella afungua duka la keki, dada zake nao wapata kazi za mikono yao, na mwana wa mfalme awa rafiki yake, si mumewe. Hatukubaliani na yote. Ndoa ni sunna, wala hatutaki binti afundishwe kuikimbia. Lakini twakubali kuwa ndoa si ujira wa uzuri wa uso, na twasifu kuwa haki ya mmoja haikupatikana kwa kumdhalilisha mwengine. Hii ndiyo mizani: dhulma ikigeuzwa upande haiwi uadilifu.

Wala msomaji asidhani kuwa jambo hili ni la Wazungu peke yao. Usiku mmoja nilimsimulia binti yangu wa miaka minane kisa cha Adam na Hawa kama nilivyosimuliwa utotoni: Hawa alihadaika kwanza, kisha akamhadaa mumewe. Akaniuliza, "Baba, hayo yamo katika Qur'ani?" Nikafungua Surat al-A'raf, nikaona shetani aliwatia wasiwasi wote wawili, na wote wawili wakaomba msamaha. Nikafungua Surat Taha, nikaona aliyetajwa kwa jina ni Adam. Niliona haya. Nimesoma tafsiri miaka mingi, na bado nilimpa mwanangu maneno ya wasimulizi pahala pa maneno ya Kitabu.

Basi tutenganishe mambo mawili. Ngano ni kazi ya watu, na watu wana haki ya kuitengeneza ikiwa ina dhulma. Wahyi si wetu kuutengeneza. Uadilifu wetu hapo ni kuyaondoa tuliyouongezea. Lakini katika yote mawili msimulizi ataulizwa, kwani mtoto hakuchagua aliyosimuliwa.

Wazazi, kabla hamjafunga mlango wa vitabu vya wengine, zipimeni kwanza ngano za nyumbani mwenu. Nami nimeanza na yangu.

Wabillahi ttawfiq.