Mnakuja Mezani na Kesi Mkononi

Ole wako, mzee wa kanisa, unayepitisha sahani ya mkate kwa mkono ule ule uliotia saini hati ya kumshtaki ndugu yako wa tumbo moja kwa ajili ya mpaka wa shamba! Parishi nzima inajua. Ukifika kwenye benchi analokalia, unaipitisha sahani upande wa pili, isije ikatoka kwako ikaingia mkononi mwake. Naye hutoka kabla ya kikombe, simu sikioni, ilhali haijalia. Mchungaji anayaona yote hayo, kisha anatuambia tupeane amani. Tunapeana, na wale tusiokuwa na neno nao.

Nani aliwafundisha hivi? Si Waskoti waliofungua pale Kikuyu, mwaka 1898, misheni iliyozaa kanisa letu la Presbiteri, PCEA. Kwao Uskoti, kwa karne kadhaa, hukuikaribia Meza ya Bwana bila kipande kidogo cha madini ya risasi ulichopewa na wazee. Aliyekuwa na ugomvi wa wazi aliweza kunyimwa mpaka apatane. Ulikuwa utaratibu mkali, tena ulifuga umbea, na sitamani vipande hivyo virudi. Ila wazee wale walijua kwamba kupatanisha watu ni kazi yao, tena ni kazi ya kabla ya ibada. Mzee wa leo anajua deni lako la ujenzi hadi shilingi ya mwisho. Ugomvi wako hauulizi, labda kwa kuwa yeye mwenyewe yumo.

Mnajivunia kwamba hatuna askofu, kwamba tunaongozwa na mabaraza, kuanzia wazee wa parishi, kupitia presbiteri, hadi Baraza Kuu. Vyema. Lakini baraza mmeligeuza uwanja wa kukatiana rufaa, na kumbukumbu za vikao mnazitunza kama silaha.

Halafu mnataka kuihubiria Kenya amani! Februari 2008, Baraza la Kitaifa la Makanisa, ambalo PCEA ni mwanachama wake, lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa waliegemea upande katika uchaguzi. Damu ilipomwagika baada ya uchaguzi huo, wengi hawakuwa na uso wa kusimama katikati. Mlishangaa nini? Aliyeshindwa kupatanisha kwaya na akina mama juu ya ufunguo wa jiko la kanisa angepatanisha waliopigana Burnt Forest?

Mchungaji, Meza imekwisha kutangazwa. Usingoje presbiteri ikuundie kamati. Waite ndugu hao wawili ofisini wiki hii, ufunge mlango, uwasikilize mpaka waishiwe na maneno. Mzee akikataa kupatana, asishike sahani Jumapili. Atanuna. Huenda akahamia kanisa la ng'ambo ya barabara na fungu lake la kumi, na paa la ukumbi likachelewa. Na lichelewe.