Nia Ndani ya Tuta: Hiari, Shuruti na Hifadhi ya Ardhi

Neno "kueneza", ambalo wataalamu wa kilimo hulitumia kila wanapozungumzia mbinu za kuhifadhi udongo na maji vijijini, limebeba swali la kimaadili ambalo aghalabu hupitwa bila kuulizwa, nalo ni kama jambo jema hubaki kuwa jema linapotendwa kwa kulazimishwa. Swali hilo ni la kale katika falsafa na katika dini, lakini vilima vya Afrika Mashariki vimelipatia ushahidi ambao vitabu peke yake visingeweza kuutoa, kwa kuwa kuna mahali ambapo matuta yalichimbwa kwanza kwa amri na baadaye kwa hiari, na tofauti ya matokeo ikaonekana kwa macho.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Machakos, katika nchi ya Ukambani, Kenya. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliiona wilaya hiyo kuwa inakufa kwa mmomonyoko, yaani kuchukuliwa kwa udongo wa juu na maji ya mvua, na dawa waliyoichagua ikawa kupunguza mifugo kwa nguvu. Ng'ombe walikamatwa na kuuzwa, na mwaka 1938 Wakamba kwa wingi wao walikwenda kwa miguu hadi Nairobi kupinga, wakiongozwa na Muindi Mbingu, ambaye baadaye alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Serikali ilirudi nyuma katika suala la ng'ombe, lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja na kazi ya lazima ya kuchimba matuta, ambayo mengi hayakutunzwa na yakabomoka. Katika miaka ya 1950, wakulima walipopewa nafasi ya kuchagua aina ya tuta na kufanya kazi katika mwethya, yaani vikundi vya jadi vya kusaidiana ambavyo wanawake ndio waliokuwa wengi, walianza kuipokea mbinu iitwayo fanya juu. Katika mbinu hiyo mkulima huchimba mtaro kufuata kontua, yaani mstari unaopita sehemu za mteremko zenye kimo kimoja, kisha huutupa udongo upande wa juu uwe ukingo. Mvua za miaka zinapouteremsha udongo wa shamba, ukingo huuzuia, na polepole mteremko hujisawazisha wenyewe ukawa ngazi. Jina hilo, ambalo wataalamu wa udongo wa mataifa mengi hulitumia leo bila kulitafsiri, kisarufi ni amri, na huenda ni katika amri chache za zama zile zilizotiiwa kwa moyo.

Kati ya mwaka 1932 na 1989 wakazi wa Machakos waliongezeka kutoka watu wapatao 240,000 hadi karibu 1,400,000, na wengi wangetarajia ardhi iangamie kabisa. Utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kinyume chake, kwamba mmomonyoko ulikuwa umepungua na thamani ya mazao kwa kila mtu imepanda. Haki inadai ikubaliwe kwamba kahawa, soko la Nairobi na mishahara iliyotumwa nyumbani na waliokwenda kufanya kazi mjini vilikuwa na sehemu kubwa katika mageuzi hayo, kwa maana mkulima hachagui kitu asichoona faida yake. Lakini kahawa isingeweza kuyalinda matuta ambayo mwenye shamba aliyahesabu kuwa mali ya serikali.

Huko katika milima ya Uluguru, Tanganyika, mambo yalikwenda vibaya zaidi. Serikali iliwataka Waluguru wachonge ngazi katika miteremko mikali ambako tabaka la udongo wenye rutuba ni jembamba, hata kuchonga kwenyewe kukaufukia udongo mzuri na kuuleta juu ule usiootesha kitu. Waluguru, ambao walikuwa na ngazi zao wenyewe, zilizofanywa kwa kulaza magugu kukingama mteremko na kuyafunika kwa udongo, waliona wakiamriwa kuharibu mashamba kwa jina la kuyahifadhi. Mwezi Julai 1955 ghasia zilizuka huko Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango huo ukafa. Hapa shuruti ilionyesha kasoro yake ya pili, ambayo ni ya kielimu kabla ya kuwa ya kimaadili: mwenye kuamrisha hahitaji kusikiliza, na asiyesikiliza hawezi kujua kwamba amekosea mpaka mambo yaharibike.

Kasoro ya kwanza, yaani kwamba jema linalotendwa kwa kulazimishwa hukosa nia ya mtendaji, ndiyo iliyowashughulisha wanafalsafa na wanazuoni. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, alishikilia kwamba thamani ya kitendo hutokana na utashi uliokizaa, na kwamba binadamu hapaswi kamwe kutumiwa kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine. Wanazuoni wa fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, walikuwa wamekwisha kuamua karne nyingi kabla yake kwamba ibada haisihi bila nia, na kwamba aliyelazimishwa, ambaye wao humwita mukrah, hahukumiwi kwa alichokitamka kama anavyohukumiwa mwenye hiari. Mtu anaweza kupinga kwa kusema kwamba udongo haujui nia, na kwamba ukingo uliochimbwa na mfungwa huzuia maji sawasawa na uliochimbwa na mwenye shamba.

Pingamizi hilo ni zito, na mfano wa Kondoa, nchini Tanzania, unalipa nguvu. Mwaka 1979, chini ya mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma uliokuwa umeanza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, serikali ya Tanzania iliamuru mifugo yote iondolewe katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,250, na uoto ukarejea katika makorongo yaliyokuwa matupu. Lilikuwa agizo la serikali ya Julius Nyerere, mtu yuleyule aliyekuwa ameandika mwaka 1968 kwamba watu hawaendelezwi bali hujiendeleza wenyewe. Basi shuruti inaweza kuiponya ardhi? Jibu linalofaa ni kwamba inaweza kuondoa, ila haiwezi kutunza. Kuwatoa ng'ombe ni kitendo cha siku chache ambacho askari wanaweza kukisimamia, ingawa gharama yake ilibebwa na wafugaji waliopoteza maziwa, samadi na akiba yao; kuziba ufa wa ukingo kila baada ya mvua kubwa, kwa miaka 40, ni kazi isiyo na msimamizi. Hapo ndipo nia, ambayo udongo hauijui, inapougusa udongo.

Dini zilizoenea Afrika Mashariki huieleza nia hiyo kwa lugha ya amana. Mkristo hufundishwa kwamba binadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, na Mwislamu kwamba yeye ni khalifa, yaani naibu, katika ardhi ambayo mmiliki wake ni Mungu. Hata hivyo mahubiri ya amana huwa mepesi yakitolewa peke yake, na fiqhi ililiona hilo mapema. Katika mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa, wanazuoni walifungamanisha wajibu na haki: anayeihuisha huimiliki, ilhali aliyezungushia mawe tu ana haki ya kutangulizwa, nayo huisha asipoifanyia kazi kwa miaka 3. Abu Hanifa alitaka kwanza idhini ya mtawala; Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani, hakuona haja yake. Mwanamke anayechimba fanya juu katika shamba lililoandikwa jina la shemeji yake, au mpangaji anayeweza kunyang'anywa shamba lile mara linapostawi, ameachiwa wajibu wa naibu bila haki ya mhuishaji, na kumlaumu kwa uvivu ni dhuluma.

Suala hili limepata sura mpya tangu mwaka 2010, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipotangaza dhana ya kilimo kinachohimili mabadiliko ya tabianchi, chenye malengo matatu: kuongeza mavuno, kustahimili ukame na mafuriko, na kupunguza gesi zinazoongeza joto la dunia. Malengo mawili ya kwanza ni ya mkulima mwenyewe. La tatu ni la dunia nzima, na hasa la nchi zilizochoma makaa na mafuta kwa zaidi ya karne, hivyo anayemtaka mkulima wa jembe la mkono alibebe bila malipo ya haki na bila kumweleza anachokibeba amemgeuza chombo, hata kama hakuna askari aliyesimama shambani. Afisa ugani anayefika kijijini na kamba na vigingi vya kupimia kontua, kabla hajapigilia hata kimoja, awaulize wanakijiji ukingo ule utakuwa wa nani, na asianze kupima mpaka wamjibu.