Paka ni Wetu

Jioni pale Kibokoni paka hujaa vichochoroni wakingoja vichwa vya samaki. Kuna shume mmoja, sikio limekatika, nyanya yangu humwita Nunda. Sisi hucheka. Lakini Nunda wa hadithi hachekeshi.

Hadithi ni ya pwani hii hii. Edward Steere aliipata Unguja akaichapisha mwaka wa 1870. Sultani Majnuni ana paka wake. Paka anakula ndama. Watu wakishtaki, Sultani anasema paka ni wake na ndama ni wake, basi, kesi imeisha. Mbuzi, ng'ombe, mpaka binadamu, jibu ni lile lile. Paka anapokula wanawe watatu ndipo anakiri: huyu si paka tena, ni nunda.

Nilipoacha chuo nikarudi nyumbani, mtoto wa mamangu mdogo alikuwa ameanza kupora simu. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo, akaja kulalamika. Nikamwambia, "Mama, si ni mtoto wetu? Tutaongea naye." Nikajiona nina huruma. Kumbe nilikuwa Majnuni mtupu. Ndama akiwa wako, msamehe paka wako. Ile simu haikuwa yangu. Nilisamehe kwa mali ya mwenzangu.

Sasa, wengi wetu tukishaona hilo tunarukia upande wa pili. Magenge ya mapanga yalipotutesa hapa Mombasa, nilisikia barazani watu wazima wakisema hao si watu, wamalizwe tu. Yaani jana ni mtoto wetu, leo ni nunda.

Mbona tunasahau nusu ya pili ya hadithi? Kitindamimba wa Sultani anaingia porini kumsaka Nunda. Anaua mbwa, anamletea mamake: ndiye huyu? Mama anasema siye. Anaua ngawa, punda milia, twiga, hata ndovu. Siye, siye. Wanyama wale hawakumla mtu. Walikufa kwa sababu kijana alikuwa na mkuki na sifa za kusikia tu. Hapa kwetu pia, usiku mtu akipiga kelele "mwizi!", mawe hayaulizi jina la anayekimbia.

Simu ya pili ilipoibwa nilimshika dogo mkono, nikampeleka mpaka mlangoni kwa yule mama. Sikumtetea, wala sikuita watu. Nilisema, "Mama, huyu ni wetu, na ulichopoteza ni chako. Sema wewe."

Alimtazama muda mrefu. Akataja bei ya simu zote mbili.

Dogo anasukuma mkokoteni wa maji sasa, analipa kidogo kidogo. Juzi nilimuuliza yule mama kama ameshamsamehe. Akasema bado.

Sikumbembeleza. Simu zilikuwa zake.