Je, Siku Ina Kosa?

Ndugu msomaji, wapo watu wapendao kufungua kalenda na kutazama siku kama ya leo iliwahi kuleta nini: nani alizaliwa, nani alifariki, vita gani vilianza, dola gani ilianguka. Ni vizuri kuyajua hayo, maana yaliyopita ni fundisho kwa waliobaki. Lakini panapohesabiwa siku hakosekani mtu wa kuuliza: je, mambo haya yamekutana tu, au siku yenyewe ina siri? Na swali hilo likishaingia nyumbani halikai kwenye karatasi. Huingia katika harusi, katika safari, na katika jina analoitwa mtoto.

Tuanze mbali na pwani, ili tulitazame jambo hili kwa utulivu. Soitsambu ni kijiji cha wafugaji wa Kimasai katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, karibu na mpaka wa Kenya. Kusini yake, katika wilaya hiyo hiyo, liko Bonde la Olduvai. Huko, tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona fuvu la kale likichomoza ardhini. Mumewe, Louis, siku hiyo alikuwa kambini hajiwezi kwa homa, na bibi huyo akatoka bila ya yeye. Fuvu hilo, linalokadiriwa kuwa na umri wa miaka 1,750,000, wakaliita Zinjanthropus, kwa ajili ya Zinj, jina ambalo Waarabu wa kale waliiita pwani yetu hii. Hivyo jina la pwani likaenda kukaa juu ya mfupa wa bara.

Upande wa mashariki wa Soitsambu liko Ziwa Natron, na kusini ya ziwa hilo upo mlima Gelai na mlima Oldoinyo Lengai, maana yake kwa Kimasai ni Mlima wa Mungu. Mwezi wa Julai 2007 ardhi ya huko ilitetemeka kwa siku nyingi, na tetemeko lililokuwa kubwa kuliko yote, la kipimo cha 5.9, lilitokea tarehe 17 Julai. Lilisikika mpaka Nairobi, watu wakatoka mbio katika majumba ya ghorofa. Haukupita muda mrefu, tarehe 4 Septemba, Oldoinyo Lengai ukaripuka.

Mtu mwepesi wa kuunganisha atasema: tarehe 17 Julai mfupa ulitolewa ardhini, na tarehe 17 Julai ardhi ikalipiza kisasi. Hadithi inapendeza kuisimulia. Lakini wataalamu waliopima wanaeleza kuwa tetemeko lile lilitokana na uji wa moto uliopenya katika miamba chini ya Gelai, katika Bonde la Ufa ambalo linaendelea kupanuka kidogo kidogo. Uji wa moto hausomi kalenda.

Tena, kalenda ipi? Kwa hesabu yetu ya Hijria, ile 17 Julai ya 1959 iliangukia karibu na tarehe 11 Muharram 1379, mfunguo nne, Ashura ndiyo kwanza imepita. Ile ya 2007 iliangukia mwanzo wa Rajabu 1428. Moja ilikuwa Ijumaa na nyingine Jumanne. Na Wamasai wa zamani hawakuuhesabu umri wa mtu kwa tarehe. Walimjua mtu kwa rika lake, na wakaikumbuka miaka kwa ukame na kwa maradhi ya ng'ombe. Kwa mzee wa hesabu hiyo, siku mbili hizi hazikukutana hata kidogo. Basi siri inayoonekana katika kalenda moja na kutoweka katika nyingine, hiyo haimo katika siku. Imo katika karatasi.

Huenda msomaji akasema: hayo ni ya bara, na sisi tunayo ya kwetu yaliyo mazito zaidi. Naam, na tuyatazame. Seyyid Said bin Sultan, aliyeuhamishia ufalme wake Unguja, alifariki kwa maradhi tarehe 19 Oktoba 1856, ndani ya jahazi lake, karibu na visiwa vya Shelisheli, akirejea Unguja kutoka Maskati. Rais Samora Machel wa Msumbiji alifariki tarehe 19 Oktoba 1986, ndege yake ilipoanguka Mbuzini, Afrika Kusini, akirejea Maputo kutoka Zambia. Watawala wawili, wote safarini, wote wanarudi nyumbani, tarehe moja. Si hayo tu: tarehe zote mbili zilikuwa Jumapili. Na ukizigeuza kwa Hijria, zote mbili ziliangukia mwezi wa Safar, mfunguo tano, mwezi ambao wengi wa pwani wamezoea kuuogopa.

Hapo ndipo moyo unapotikisika, na hapo ndipo akili inapotakiwa isimame. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Kwa hiyo miezi yetu huzunguka misimu yote na kurudi ilipokuwa kila baada ya miaka 32 au 33 ya jua. Baina ya mauti mawili yale kuna miaka 130 ya jua, ambayo ni takriban mizunguko minne kamili. Kwa hesabu hiyo, mwezi wa Oktoba wa 1856 na ule wa 1986 lazima vikutane na mwezi mmoja au jirani yake. Ni hesabu, si nuksi. Na hata Jumapili yenyewe haisimami imara: ndege ya Machel ilianguka yapata saa tatu za usiku, na kwetu sisi siku hubadilika magharibi. Kwa hesabu yetu, ule ulikuwa tayari usiku wa kuamkia Jumatatu.

Lakini Muislamu hahitaji kungoja hesabu za falaki ndipo ajue msimamo wake. Jambo hili lilikwisha hukumiwa siku ya msiba wa Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe. Mwanawe Ibrahim, mtoto mchanga, alipofariki Madina, jua lilipatwa siku ile ile. Watu wakasema limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Tafakari, ndugu msomaji. Ni baba aliyefiwa, na umma mzima umeelekea kuamini kuwa mbingu zinamlilia mwanawe. Angenyamaza tu, ingekuwa utukufu kwa nyumba yake. Hakunyamaza. Kama ilivyopokewa na Bukhari, aliwaambia kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Mkiyaona hayo, salini na mwombeni Mwenyezi Mungu. Yeye huyo huyo alikanusha nuksi ya mwezi wa Safar kwa jina lake.

Mwenye elimu anaweza kurudisha hoja: mbona Qurani imetaja siku za nuksi zilizowashukia kaumu ya Adi? Ni kweli, lakini upepo ule uliowaangamiza wao, siku zile zile, haukumgusa Nabii Hud na walioamini pamoja naye. Na siku ya Ashura Firauni alizama na Musa akaokoka. Siku moja, bahari moja, mmoja kaangamia na mwingine kavuka. Lau ubaya ungekuwa katika siku, ungewapata wote wawili. Waliotofautiana ni watu na matendo yao.

Kuna hoja ya pili: mbona sisi wenyewe tunazitukuza siku? Twafunga Ashura, na mfunguo sita twasoma Maulidi. Jawabu lake liko katika mwenendo wa Mtume (S.A.W.). Alipoulizwa juu ya saumu ya Jumatatu, alieleza kuwa ndiyo siku aliyozaliwa na ndiyo siku aliyoteremshiwa wahyi. Tazama alichokifanya na siku yake: aliifunga. Hakuipigia ramli. Kukumbuka neema na kushukuru ni kazi ya mja. Kuingoja siku ikuletee heri au shari ni kuitwika siku mzigo usiokuwa wake. Hata katika mambo ya dola watu huchagua siku kwa kukumbuka: Afro-Shirazi Party ilizaliwa 5 Februari 1957, na CCM ikazaliwa 5 Februari 1977. Hapo tarehe imechaguliwa na watu, wala haina mafumbo.

Kwa nini tunalirefusha neno hili? Kwa sababu lina majeruhi. Mtoto azaliwa siku aliyofariki babu yake, na kabla hajafika arubaini amekwisha itwa kisirani. Anakua akilisikia neno hilo kila chombo kinapovunjika. Anafanyiwa dhulma kwa saa ambayo hakuichagua, na anayemdhulumu ni jamaa yake mwenyewe. Lau babu yule angefufuka, angeona nini: kwamba siku Mola aliyomchukua yeye aliwaachia mjukuu, nao wakaikufuru zawadi.

Na dhara ya pili ni kwamba lawama ikitupiwa siku, mwenye kosa huponyoka. Meli ya MV Spice Islander I ilizama baina ya Unguja na Pemba usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, ikiwa imejaza watu kupita kiasi chake kwa mbali. Huo haukuwa mfunguo tano unaoogopwa; ulikuwa mfunguo mosi, siku chache baada ya Idi, watu wamo katika furaha na safari. Anayechungua mwezi aliiona safari ile kuwa salama. Aliyechungua idadi ya abiria angeiona hatari. Kudra ya Mwenyezi Mungu hatuipingi, lakini kudra haimwondolei mtu amana aliyopewa ya kuhesabu watu bandarini.

Basi tuzisome tarehe, na tuwafundishe watoto wetu nani alizaliwa na nani alifariki siku kama ya leo. Zitufae kwa mazingatio: Seyyid Said hakuiona tena Unguja aliyoipenda, na Machel hakufika nyumbani. Nasi pia tuna siku yetu katika kalenda, tunaipita kila mwaka bila ya kuijua. Siku hiyo haitauliza tulizaliwa mwezi gani, wala hatutaweza kuitupia lawama.

Mwenyezi Mungu atuepushe na dhana mbaya juu ya siku Zake na juu ya waja Wake, na atujaalie kila siku inayotukuchea iwe ya heri kwa matendo yetu. Amin.